Ndago za Mapambo Zilizoinama: Shajara ya Mradi wa Bustani ya Ua, Jambiani

Januari, kaskazi ikivuma

Mradi huu unahusu vyungu vya ndago za mapambo vilivyopangwa katika ua wa ndani wa nyumba moja ya wageni hapa Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, ambavyo nimekabidhiwa kuvitunza kuanzia mwezi huu. Mmea wenyewe ni Cyperus involucratus, ndugu wa mafunjo, na asili yake ni Afrika pamoja na Madagaska. Ukiwa katika hali nzuri hutoa mabua mengi yaliyonyooka, yenye urefu wa kuanzia nusu mita hadi mita moja na nusu au zaidi, na juu ya kila bua hutawanyika majani membamba pande zote kama mwavuli uliofunguliwa. Hali niliyoikuta ni tofauti kabisa. Majani yameinama kuelekea chini, ncha zake zimekauka na kuwa za rangi ya kahawia, mabua ya pembeni yamelalia ukingo wa chungu, na machipukizi mapya yanatoka mafupi tena yamepauka.

Linalotatanisha ni kwamba udongo umelowa. Kila chungu kimesimama ndani ya beseni lenye maji, na kijana anayemwagilia ameagizwa aongeze maji kila aonapo majani yamelegea, agizo ambalo amelitekeleza kwa uaminifu mkubwa. Kwa mimea mingi ningesema mara moja kwamba mizizi imeoza kwa wingi wa maji, lakini mmea huu ni wa kwenye mabwawa na kingo za mito. Tishu zake zina njia za hewa zinazoteremsha oksijeni kutoka kwenye mabua hadi mizizini, kwa hiyo kusimama ndani ya maji ndiyo maisha yake. Nimeling'oa shina moja ili nijiridhishe. Mizizi haina harufu ya kuoza wala haijajikunja kwa kukosa nafasi, ila ncha zake ni nyeusi na fupi, nayo ile mizizi myembamba inayonyonya maji ni haba mno.

Nimekagua pia wadudu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu utitiri mwekundu hupenda mmea huu wakati hewa ni kavu na vidung'ata hujificha pale majani yanapokutana juu ya bua. Sikuona utando wala unga mweupe. Jua nalo si tatizo, kwani ua unapata mwanga wa asubuhi hadi kukaribia saa tano, na baada ya hapo kivuli cha ukuta kinaingia.

Niseme hapa kwamba maelekezo mengi ya utunzaji wa ndago za mapambo yameandikwa kwa ajili ya jamii ya Carex, hasa Carex oshimensis na Carex morrowii za Japani, ambazo hupandwa sana katika bustani za nchi za baridi. Hizo hutaka udongo wenye unyevunyevu unaopitisha maji, na hudhurika kwa joto kali. Anayezitunza ndago zetu kwa maelekezo hayo atapunguza maji, na kwa kufanya hivyo atauongezea tabu mmea ambao tayari una kiu.

Januari, mwishoni

Nimeazima kipimo kidogo cha kupimia chumvi ya maji kwa njia ya umeme, na kazi ya leo ilikuwa kupima kila maji yanayogusa vyungu hivi. Maji ya kisima cha hapa nyumbani, ndiyo yanayotumika bustanini, yalisoma desisimensi 2.6 kwa mita. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, unasema kwamba maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida, yaliyo kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na yaliyozidi 3.0 yana madhara makubwa. Maji ya bahari yenyewe hufika kama 50. Kwa hiyo kisima chetu kiko karibu na ukomo wa daraja la kati, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote wa pwani hii aliyewahi kujaribu kupata povu la sabuni kwa maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Lililonishtua ni maji yaliyomo ndani ya mabeseni. Yalisoma zaidi ya 7.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila desisimensi moja ni takriban miligramu 640 za chumvi katika lita, na hivyo lita moja ya maji ya kisima hiki hubeba gramu 1.6 au zaidi kidogo. Chungu kikubwa katika upepo wa kaskazi hupoteza kama lita mbili kwa siku, sehemu kwa jua na sehemu kupitia majani, lakini kinachoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Beseni halina tundu, hakuna linalomwagika, na kila jioni linajazwa tena kwa maji yale yale. Kwa mwezi mmoja chungu hupokea karibu gramu 100 za chumvi, yaani vijiko vikubwa vitano au sita, na hakuna hata chembe moja inayopata pa kutokea. Mizizi hunyonya maji kwa sababu utomvu wake una vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko maji ya nje. Maji ya nje yakizidi chumvi, tofauti hiyo hupungua, na mmea hukosa nguvu ya kuyavuta ijapokuwa umesimama ndani yake. Kijana wetu alikuwa anaongeza maji kwa sababu majani yameinama, na majani yalizidi kuinama kwa sababu ya maji yaliyoongezwa.

Sababu ya kisima kuwa hivi inajulikana. Upande huu wa kisiwa ni maweni matupu, mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji baridi ya chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumika ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inaashiria takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukipunguza sentimita kumi tu juu kwa kuvuta kwa pampu, maji ya chumvi hupanda mita nne kutoka chini. Mvua za masika hurejesha tabaka hilo, kaskazi hulipunguza, na nyumba za wageni hujaa hasa wakati wa kaskazi.

Februari, mwanzoni

Nimeanza kuosha vyungu. Kila kimoja kimetolewa ndani ya beseni, kikawekwa juu ya mawe, na kumiminiwa maji polepole hadi yatoke kwa wingi chini. Sikutumia maji ya kisima kwa kazi hii bali maji ya viyoyozi, ambayo kwa miaka yote yamekuwa yakidondoka nyuma ya vyumba na kuotesha majani ukutani. Maji haya ni mvuke wa hewa uliopozwa hadi ukawa matone, kwa hiyo karibu hayana chumvi. Kipimo kilisoma chini ya 0.1. Katika hewa nzito ya pwani kiyoyozi kimoja cha chumba hutoa lita kadhaa kwa usiku mmoja, na vyumba vikiwa vimejaa ndoo hazitoshi kuyakinga. Hayafai kunywewa, kwani yamepita juu ya chuma na vumbi, lakini kwa mmea ulioungua kwa chumvi sijaona yaliyo bora kuliko hayo kwa msimu huu.

Nimesimamisha mbolea yote. Mbolea ya chumvichumvi nayo ni chumvi, na urea inayomwagwa kwa nia ya kuurudishia mmea rangi yake huongeza mzigo ule ule unaouangusha.

Februari, katikati

Kuosha kumesaidia, lakini si kwa kiasi nilichotarajia. Maji yanayotoka chini ya vyungu yalishuka hadi karibu 3, kisha baada ya siku chache za kusimama yakapanda tena, ilhali hakuna aliyetumia maji ya kisima. Maana yake ni kwamba chumvi inatoka ndani ya chungu chenyewe.

Jibu nililipata nje ya ukuta. Jirani yetu ni bibi anayesokota kamba za usumba, na nilikwenda kwake kununua kamba za kufungia mabua. Baada ya maamkizi nilimwonyesha kiganja cha mchanganyiko uliomo vyunguni, ambao nusu yake na zaidi ni vumbi la makumbi ya nazi. Aliupekecha kwa vidole, akaunusa, akacheka.

"Mwanangu, haya makumbi yamelala pwani miezi na miezi, maji yanakuja na kutoka juu yake. Ulitarajia yarudi na nini huko, sukari?"

Ndivyo ilivyo. Makumbi ya kamba hufukiwa mchangani pale maji ya bahari yanapojaa na kupwa, yakakaa huko hadi nyama yake ilainike, kisha yakafukuliwa na kupigwa ili nyuzi ziachane na vumbi. Nyuzi huenda kwenye kamba, na vumbi hubaki lundo. Vumbi hilo ni jepesi, linashika maji mengi, na ni la bure, kwa hiyo aliyevipanda vyungu hivi hapo mwanzo alikuwa na kila sababu ya kulipenda. Lakini hushika sodiamu na potasiamu kwa namna ambayo maji matupu hayaziondoi zote kwa mara moja: sehemu imeyeyuka ndani ya unyevu na hutoka upesi, sehemu nyingine imejibandika kwenye chembe zenyewe na huachia kidogo kidogo. Hata makumbi ambayo hayakugusa bahari huwa na chumvi zake, ila haya yana zaidi.

Nilimuuliza iwapo lundo la zamani, lililonyeshewa masika nyingi, lingekuwa salama. Alisema wanaopanda mboga huja kuchukua lile la chini kabisa, jeusi, wala hawagusi la juu. Nilipima maji yaliyolowekwa katika yote mawili. La juu lilisoma zaidi ya 5, la chini halikufika 1. Kwa wanaotaka kulitumia vumbi jipya, njia iliyo thabiti ni kuliloweka katika maji baridi, kulikamua, kurudia hadi maji yanayotoka yakaribiane na yanayoingia, kisha kuliloweka mara ya mwisho katika maji yenye nitrati ya kalisi, kwa sababu kalisi huisukuma sodiamu na kukaa mahali pake.

Februari, mwishoni

Nimeamua kubadilisha mchanganyiko wote badala ya kuendelea kuuosha. Kabla ya hapo nimechukua akiba, ili hata vyungu vikifa mradi usife navyo. Mmea huu una tabia nzuri: ukikata kichwa cha bua pamoja na kipande kifupi cha bua lenyewe, ukapunguza majani yake kwa nusu, kisha ukakigeuza juu chini ndani ya maji, mizizi na machipukizi hutoka pale kitovuni majani yanapokutana. Huko bwawani hufanya hivyo wenyewe, bua likizeeka na kulala majini. Nimejaza sufuria pana maji ya kiyoyozi na kuelekeza humo vichwa vyenye afya kuliko vingine, majani yakielea, kikonyo kikiangalia juu.

Mabua yaliyokunjika nimeyakata yote karibu kabisa na udongo. Mwenye nyumba, ambaye ni bi mkubwa mwenye macho makali kwa kila kinachoonekana na wageni, hakupendezwa na vyungu vilivyonyolewa, akauliza kama haiwezekani kuyafunga kwa kamba yasimame. Nilimweleza kwamba bua lililokunjika limevunjika mishipa na halitasimama tena hata mmea ukipona, na kwamba jibu la kweli tutalipata kwenye machipukizi mapya. Alikubali, kwa sharti kwamba vyungu vihamishiwe nyuma hadi viwe na sura.

Machi

Udongo mpya umetoka bonde la Cheju, kule kunakolimwa mpunga. Ni kinamo kizito, cheusi, kinachoshika maji na kupasuka kikikauka, yaani kinyume kabisa cha kile ambacho wauza maua hupendekeza, lakini ndicho kinachofanana na makao ya mmea huu. Mkulima aliyetuuzia alitaka kujua ni wa kazi gani. Alipoambiwa ni wa kupandia ndago alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama ni ndago tunazitaka yeye anazo shambani za kutosha, na atatulipa yeye tukija kuzing'oa. Alikuwa anasema Cyperus rotundus, gugu linalomsumbua kila mkulima wa mpunga, na hakutania tu: udongo ulikuja na vijitunguu vyake vyeusi, vigumu, vimeungana kwa nyuzi nyembamba. Tulikaa na kijana wa bustani asubuhi nzima tukichekecha udongo na kuokota ndago za bure ili tuzipishe ndago za fedha. Kijitunguu kimoja kikibaki, ndani ya miezi michache chungu kitakuwa mali yake.

Mchanganyiko nilioutumia ni sehemu mbili za kinamo, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya lile vumbi jeusi la chini. Changarawe za matumbawe zilizokuwa chini ya vyungu nimezitoa, kwa sababu ni chokaa, nazo hupandisha alikalini ya udongo hadi mmea ukashindwa kupata madini ya chuma. Nadhani hilo ndilo lililopausha machipukizi katika baadhi ya vyungu. Mizizi ilioshwa kwa maji ya kiyoyozi hadi vumbi la zamani likaisha, ncha nyeusi zikakatwa, na kila fungu likagawanywa kwa kisu ili libaki na machipukizi machache yenye nguvu.

Mabeseni yamebaki, ila sasa yana utaratibu. Mara moja kwa wiki humwagwa yote, chungu hupitishiwa maji kutoka juu hadi yatoke chini, kisha beseni hujazwa upya. Hili lina faida mbili: chumvi haipati muda wa kujikusanya, na viluwiluwi vya mbu havipati muda wa kuwa mbu. Homa ya dengi si hadithi huku kwetu, na mbu wake hupenda hasa vyombo vidogo vya maji karibu na watu.

Aprili, masika

Mvua zimeanza na vyumba vimekuwa vitupu, kwa hiyo viyoyozi vimenyamaza wakati ule ule ambao hatuvihitaji tena. Tumefunga mfereji kwenye paa la bati la jikoni na kuelekeza maji kwenye tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 800 kabla ya kuhesabu yanayopotea. Paa la makuti la barazani tumeliacha, kwa kuwa maji yake hutoka na rangi ya chai na takataka nyingi, na bati linatosha. Maji ya mwanzo ya kila mvua kubwa huachwa yaende, yapite na vumbi la chumvi lililoletwa na upepo.

Vichwa vilivyogeuzwa majini vimetoa mizizi myeupe, na kutoka katikati ya kila kimoja yametokea machipukizi mithili ya sindano. Vimehamishiwa kwenye vikopo vya udongo uleule.

Mei

Vyungu vimerudi uani. Maji yanayotoka chini yanasoma kati ya 0.9 na 1.4, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nimetoa mbolea: kiasi kidogo cha CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalisi, kilichoyeyushwa katika maji ya mvua, robo ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko. Mabua mapya yamesimama yenyewe bila kamba. Majani yake yamefunguka sawasawa, ni ya kijani kibichi hadi ncha, na ukipitisha kidole juu yake yanarudi mahali pake badala ya kubaki yalipoachwa. Ncha chache za kahawia zilizopo ni za majani ya zamani, nazo zitabaki hivyo hadi mabua hayo yazeeke na kukatwa, kwani jani lililoungua haliponi.

Chungu kimoja kilichokuwa na hali mbaya kuliko vyote hakikuchipua. Nafasi yake imechukuliwa na miche ya vichwa.

Julai, kusi

Tatizo jipya limejitokeza, na linahusu vyungu viwili tu vya langoni, vinavyotazama bahari. Maji yake ni yale yale ya tangi, udongo ni ule ule, na kipimo cha maji yanayotoka ni kizuri, lakini majani ya upande wa kusini mashariki yameanza kukauka ncha huku ya upande wa ndani yakiwa mazima. Hii si chumvi ya mizizini bali ya hewani. Kusi huvuma kutoka baharini moja kwa moja na kubeba rasharasha ya mawimbi ya mwambani. Nimepitisha kitambaa cheupe juu ya majani asubuhi, na ulimi umethibitisha.

Kuyaosha majani kwa maji baridi kila jioni kunasaidia, lakini ni kazi isiyokwisha hadi Septemba. Nimependekeza ndago hizo ziingizwe ndani ya ua, na langoni upandwe mkadi mchanga, ambao makao yake ya asili ni huko huko ufukweni na haubabaiki na rasharasha. Bi mkubwa alipinga kwanza kwa sababu ya miiba, kisha akakubali ukiwekwa mbali na njia ya wageni.

Kazi iliyobaki kabla ya kaskazi nyingine ni mabomba ya viyoyozi. Kwa sasa maji hukingwa kwa ndoo, na ndoo hutegemea kumbukumbu ya mtu. Pipa la lita 200 limeshawekwa nyuma ya vyumba vitatu vya mwisho, mfuniko wake umefungwa wavu wa mbu, na fundi bomba atakuja kuunganisha mabomba yote matatu yaingie humo. Kijana wa bustani amekabidhiwa kipimo na daftari, na anapima maji ya kisima kila wiki ili tujue ni mwezi gani hasa chumvi inaanza kupanda. Ya wiki hii ni 1.7.